Mwaka wa Mbuzi Wenye Kizunguzungu

Sahra alinipigia simu nikiwa katikati ya kugombana na ndoo. Ndani ya ndoo hiyo mlikuwa na ubongo mmoja wa kondoo, umekaa kwenye dawa tangu sijui lini mpaka ukageuka rangi ya chai iliyopoa, na mbele yangu walikuwa wamesimama wanafunzi zaidi ya sitini, kila mmoja na kalamu yake. Nilikuwa nimeomba bongo ishirini. Nilikuwa nimeandika barua mara tatu, nikapanda ngazi mara tatu kuziulizia hizo barua, na mwisho nikaletewa mmoja, na aliyeuleta akaniambia niutunze vizuri kwa sababu darasa la mchana nalo linauhitaji. Basi simu ilipolia nikaikata. Ikalia tena, nikaikata tena kwa hasira, kana kwamba Sahra ndiye aliyeninyima. Mara ya tatu nikatoka kwenye varanda nikamwambia, "Sahra, niko kazini," naye akajibu polepole, "Najua. Baba ametuacha. Tumemzika jana alasiri." Nilirudi darasani nikawaambia waweke kalamu chini, wakunje mikono ya shati, na kila mmoja aushike ule ubongo kwa vidole vyake mpaka atosheke. Msichana mmoja akauliza, "Na wa mchana, Daktari?" Nikamwambia wa mchana watajijua.

Mwaka ninaotaka kuusimulia ni mmoja tu, mwanzoni mwa miaka ya themanini, nilipokuwa mwaka wa pili chuoni nikisomea ubongo na mishipa ya fahamu. Na nikisema nikisomea, elewa kwamba nilikuwa nikisoma tu. Maabara yetu ilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya dawa na sakafu iliyong'arishwa, na ukutani kulikuwa na kibao, MSIGUSE. Profesa wetu, mtu nadhifu mwenye koti jeupe lisilo na doa hata moja, alikuwa akiinua ubongo kutoka kwenye chupa kwa koleo, anaugeuza huku na huku, anauliza, "Mnaona?" Nasi tunajibu kwa pamoja, "Tunaona!" Uongo mtupu. Sisi wa nyuma tulikuwa tunaona visogo vya wale wa mbele. Kisha anaurudisha, anafunga kifuniko, anajifuta vidole ambavyo havikuwa vimegusa chochote, na hayo ndiyo yaliyoitwa mafunzo ya vitendo. Mwishoni mwa chumba kulikuwa na mlango wa kioo, na nyuma yake chumba kidogo chenye mashine ya umeme, ile ya kupima neva ya chura ikistuka, na stuli mbili. Stuli mbili tu kwa darasa zima. Aliyepata stuli alishika. Aliyekosa alibandika pua kwenye kioo akatazama mwenzake akishika. Stuli ya kwanza alikuwa ameshapewa kijana mmoja ambaye hakuna aliyejua ameipataje. Ya pili Profesa akaitangaza mbele yetu wote: atakayemletea ubongo alioutoa kwa mikono yake mwenyewe, mzima, haujapasuka utando, pamoja na michoro yake, huyo ndiye atakayekaa. Wenzangu wakacheka. Mimi sikucheka. Niliitaka ile stuli vibaya sana, niliitaka mpaka nikawa naiota, na hata leo nikipita karibu na mlango wa kioo wa ofisi yoyote huchungulia kwanza ndani.

Haukupita mwezi, chuo kikafungwa. Wanafunzi waliandamana, mawe yakarushwa, vioo vikavunjika, tukapewa saa chache kufunga masanduku, na kila mmoja akaamriwa arudi kwao na awe anapiga ripoti kwa chifu kila wiki kama mwizi aliyeachiliwa. Kwetu ni Zombe, mji mdogo mkavu ulio mbali na chuo. Siku yangu ilikuwa Jumatatu. Nilikuwa nafika pale asubuhi na daftari langu kwapani, naketi kwenye benchi nje ya ofisi, na chifu ananiacha nikauke juani mpaka karibu saa sita ndipo anaita jina langu, anatia sahihi, ananiuliza, "Bado mnataka kupindua serikali?" Nasema, "La, chifu." Anasema, "Haya, nenda." Wiki baada ya wiki. Nilikuwa na hasira ya mtu aliyefungiwa milango miwili, ule wa kioo na ule wa chuo, halafu akapewa wa tatu akae nje yake.

Ng'ambo ya barabara kutoka kwenye lile benchi ndipo alipokuwa Mzee Dahir. Alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi, ametoka kaskazini mashariki miaka mingi, na Zombe nzima ilimjua. Mbele alikuwa na duka, nyuma ua wa miiba wa mbuzi, na kando ya ua jiwe pana la kuchinjia. Jumatatu moja nikiwa pale benchini nikamwona mbuzi mmoja wa kahawia ndani ya ua akizunguka. Hakuwa anakimbia wala kucheza. Alikuwa ameinamisha kichwa upande wa kushoto na anazunguka kushoto, kushoto, kushoto, kijiduara kilekile, mpaka ardhi ilikuwa imechorwa. Watu walikuwa wanapita wakimcheka. Mimi nikasimama, nikavuka barabara, nikafungua daftari nikaanza kuchora. Mzee akatoka dukani na kikoi chake na ndevu zake zilizopakwa hina, akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Wewe unaandika nini? Wewe ni mtu ya kodi?"

"La, Mzee. Mimi ni mwanafunzi. Nasomea ubongo."

"Ubongo!" Akageuka akaita ndani, "Sahra! Kuja uone. Hapa iko msichana anasoma ubongo." Sahra ni binti yake, rika langu, na alitoka akiwa na unga mikononi na kicheko tayari mdomoni. Mzee akamwonyesha yule mbuzi kwa kidevu. "Haya, daktari. Huyu iko na kizunguzungu. Maji imeingia kwa kichwa. Sema basi, maji iko upande gani?"

Wacha nikwambie nilivyojibu, maana aibu yake haijaisha. Nilikohoa kwanza. Nikasema kwamba kitaalamu upande wa kulia wa ubongo ndio unaoongoza upande wa kushoto wa mwili, mishipa huvuka katikati, kwa hivyo kama mnyama anaenda kushoto, bila shaka tatizo liko kulia. Nilisema "bila shaka." Mzee akasikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Halafu akasema, "Maji iko kushoto." Tukabishana. Sahra akacheka mpaka akaketi kwenye kizingiti, akapendekeza tushindane: nikishinda nipewe kichwa cha mbuzi nikisome nipendavyo, nikishindwa nije kila Jumatatu kumsaidia kuosha matumbo. Nikakubali haraka. Yule mbuzi alikuwa achinjwe siku hiyo hiyo, kwa sababu mbuzi wa kizunguzungu hasafiri, ukimpeleka mnadani anaanguka njiani. Kabla ya kumchinja, Mzee akanivuta mkono. "Kuja. Usiangalie. Shika." Akaweka kidole changu gumba nyuma ya pembe, upande wa kushoto, akakikandamiza, na mfupa ukabonyea. Mfupa! Ulibonyea kama kifuniko cha mkebe. Upande wa kulia ulikuwa mgumu kama jiwe. Kisha akapitisha fimbo kando ya jicho la kulia la yule mbuzi, karibu limguse, na jicho halikupepesa. Akapitisha kando ya la kushoto, mbuzi akaruka. Baada ya kuchinja alipasua fuvu mbele yangu, na upande wa kushoto kulikuwa na mfuko wa maji unaotosha kujaza kikombe cha kahawa, mweupe, una vidoto ndani kama punje za mchele, na ubongo umesukumwa pembeni ukawa mwembamba kama kitambaa.

"Matumbo ni yale pale," akasema Sahra.

Basi nikaosha matumbo. Niliyaosha mwaka ule karibu wote, maana chuo hakikufunguliwa miezi mitatu wala minne. Nilikuwa nikimaliza kwa chifu navuka barabara, nafunga leso kiunoni, tunachutama mimi na Sahra kando ya karai, yeye akinitania kwamba ningekuwa daktari wa matumbo, mimi nikiuliza maswali. Mama yake alikuwa anatuletea chai nzito ya maziwa ya mbuzi yenye tangawizi na iliki, pamoja na anjera, ile mikate myembamba iliyotobokatoboka, nami nilikuwa nabeba isyo kutoka nyumbani, mahindi na maharagwe, kwa sababu Mzee aliyapenda kupita kiasi. Alikuwa anakula polepole ameketi kwenye mkeka katika chumba cha nyuma ya duka, kati ya marobota ya ngozi zilizotiwa chumvi. Chumba hicho nakikumbuka kuliko chumba chochote cha chuo. Kilikuwa na dirisha moja dogo, harufu ya ngozi na ubani, na gunia la chumvi ya mawe kila kona, kwa sababu kwa Mzee Dahir hakuna kitu kilichokuwa na thamani ambacho hakikutiwa chumvi. Ngozi ilitiwa chumvi, nyama ya safari ilitiwa chumvi, hata jeraha la mguu wa punda nilimwona akilitia chumvi. Alikuwa anasema chumvi ndiyo inafanya kitu ifike.

Nilipomweleza habari za stuli hakuelewa mara moja. "Mwalimu yako anakataza nyinyi mshike?" aliuliza. Nikasema ndiyo. "Sasa mnajua aje?" Nikasema tunasoma. Akatikisa kichwa, akaongea na mkewe kwa Kisomali kwa muda mrefu, na Sahra akanitafsiria kwa kifupi: "Anasema hao walimu wenu wanafuga mbuzi kwa picha." Lakini tangu siku hiyo lile jambo likawa lake. Kupasua fuvu kwa shoka, kama watu wa supu wanavyofanya, kunaharibu ubongo, kwa hivyo akatoa dukani msumeno wa kukatia chuma na patasi, akanionyesha mahali mfupa ulipo mwembamba na jinsi ya kukata ukizunguka bila kuzamisha meno. Mafuvu matatu ya kwanza niliyaharibu kabisa. Ubongo mbichi ni laini kuliko unavyodhani, ukikosea kidogo unakuwa uji, na nilipoharibu wa tatu nilitupa msumeno chini nikalia kwa hasira mbele ya wateja. Mzee akauokota, akaufuta kwa kikoi, akanirudishia. "Tena," akasema.

Wa nne ulitoka mzima. Niliuinua viganjani, utando haujapasuka, mishipa midogo ya damu imetandaa juu yake, na Mzee na Sahra na mama yake wakasogea kuutazama. Nilikuwa na miaka ishirini na moja na sikuwa nimewahi kushika kitu nilichokuwa nakisomea. Nitasema wazi, nilifurahi mno. Bwana mifugo, aliyekuwa akisimamia josho la karibu, alituazima mtungi wa formalini, ile dawa ya kuoshea kwato zinazooza, nikaichanganya na maji nikatumbukiza ubongo kwenye mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia. Mpaka chuo kinafunguliwa nilikuwa nazo bongo tano, mbili za mbuzi wazima na tatu za mbuzi wenye kizunguzungu, na michoro ya kila mbuzi: alizunguka upande gani, jicho gani halikuona, mfuko ulikuwa wapi. Mbuzi alizunguka kuelekea upande wenye mfuko, na jicho lililokufa lilikuwa la upande wa pili. Kile nilichokuwa nimekariri kuhusu mishipa kuvuka kilikuwa kweli kwa jicho, na si kweli kwa mzunguko, na nilijua hivyo kwa kidole gumba changu. Darasani hakuna aliyewahi kutuambia.

Siku ya kuondoka ilibidi kwanza niende kwa chifu kuchukua barua ya kuthibitisha kwamba nimekuwa mtu mwenye tabia njema. Nilimwachia Mzee mkebe nikavuka barabara. Chifu akanikalisha benchini kama kawaida yake, na niliporudi basi lilikuwa linapiga honi. Mkebe ulikuwa umefungwa kwa turubai na kamba ya katani, fundo juu ya fundo, kazi ya mtu anayejua kufunga mizigo. Mzee mwenyewe aliupandisha akauweka miguuni pangu. "Nimefunga vizuri," akasema. "Itafika." Mama Sahra akanipa anjera zilizofungwa kwenye gazeti. Niliondoka Zombe nikiwa na uhakika wa stuli kama nina uhakika wa jina langu.

Kujiandikisha upya kulichukua karibu wiki nzima ya foleni na fomu, na Profesa hakutaka kumwona mtu kabla ya hapo. Niliuweka mkebe chini ya kitanda bila kuufungua, kwa sababu niliona si heshima kufungua mafundo ya Mzee mara mbili. Siku yenyewe nikaubeba mpaka maabara, nikauweka kwenye meza mbele yake, nikakata kamba. Ndani hamkuwa na tone la maji. Mlikuwa na chumvi ya mawe mpaka juu. Nilichakura kwa vidole, nikatoa kitu kimoja, kingine, vyote vitano. Vilikuwa vimesinyaa, vimejikunja, vya kahawia, utando umechanika vipandevipande, na huwezi kujua mbele ni wapi wala nyuma ni wapi. Nilielewa papo hapo. Mzee aliona maji yananuka, akadhani vinaoza, akayamwaga, akafanya vile ambavyo angefanyia kitu chake cha thamani. Nikasema, "Profesa, michoro iko hapa, angalia michoro." Akaichukua, akafungua kurasa kwa ncha ya kalamu.

"Haya ya mbuzi kuzunguka umeyatoa kitabu gani?"

"Sikuyatoa kitabuni. Nilionyeshwa na mzee mmoja muuza mbuzi, kisha nikashika mwenyewe."

"Na huyo mzee amesomea wapi?"

Ningeweza kusema mengi, nimeyasema yote tangu hapo nikiwa bafuni na nikiwa safarini, lakini siku ile nilisimama pale nikichokoa chumvi kwenye kucha. Akaniambia niache mkebe, atanijulisha. Nilitoka, nikasimama ukumbini, na mlango haukuwa umefungika vizuri. Nikamsikia akimwambia fundi wa maabara, "Umeona? Ameniletea omena." Omena, vile visamaki vikavu vya sokoni. Wakacheka wote wawili. Kisha fundi akasema, "Na ule niliomtolea yule kijana mwingine, uko sawa?" Profesa akajibu, "Uko safi sana. Mwambie aanze Jumatatu." Ndivyo stuli ya pili ilivyokwenda. Ilikwenda kwa mtu ambaye hakushika msumeno hata dakika moja, aliyetayarishiwa ubongo na fundi yuleyule, na Profesa anajua, na haoni ubaya wowote. Mimi nikarudi kwenye kioo na wenzangu. Hasira niliyokuwa nayo haikwenda kwa Profesa, hilo ndilo linaloniuma. Ilikwenda Zombe. Nilimchukia Mzee Dahir na chumvi yake usiku na mchana, muhula mzima.

Likizo ilipofika nilipita dukani kwa sababu ingeonekana vibaya nisipopita. Alikuwa ameketi mlangoni. Alinisalimia, akauliza habari za wazazi, habari za mvua, halafu akauliza huku akitazama barabara, "Na ile mizigo ilifika?"

"Ilifika salama, Mzee," nikasema. "Walifurahi sana."

Akanitazama kidogo. "Alhamdulillahi," akasema. Sahra akaniuliza kama nitakaa nile, nikasema nina haraka. Sikuwa na haraka yoyote. Likizo iliyofuata nilizunguka njia ya nyuma ya soko, na iliyofuata vilevile, kisha nikapata kazi mbali. Mwaka wa tatu, kwenye somo la vimelea, nikajifunza kwamba ule mfuko wa maji unatokana na mnyoo wa mbwa. Mbwa akila kichwa cha mbuzi mgonjwa anaupata, anaacha mayai malishoni, na mbuzi wazima wanakula nyasi hiyo. Nilikumbuka vile vichwa tulivyopasua na mbwa waliokuwa wakingoja kando ya jiwe. Ilikuwa ni kwenda Zombe mara moja tu nimwambie achome vichwa. Nilijiambia nitamwambia. Ngai, Mungu wangu, nilijiambia mara ngapi! Mashine ya neva nilikuja kuishika miaka mingi baadaye, chuo kingine, nikiwa mtu mzima mwenye digrii. Familia ya Mzee ilihamia Emali, karibu na mnada, na Sahra alipata namba yangu kwa mtu, akawa ananipigia kila Idd. Kila Idd nilisema nitakuja.

Nilikwenda Emali Jumamosi ile. Wanawake walikuwa wameketi kwenye mikeka uani, nikavua viatu, nikatoa pole, nikaletewa chai ileile ya tangawizi. Sahra amenenepa na amepata miwani, lakini kicheko ni kilekile, hata kwenye msiba kilimponyoka aliponiona nikihangaika kukunja magoti. Tulipobaki wawili nikasema nataka kumwambia jambo kuhusu ule mkebe. Akaniinulia mkono.

"Alijua," akasema.

"Alijua nini?"

"Wiki ileile uliyoondoka, bwana mifugo alikuja kuchukua mtungi wake. Baba akamweleza kwa furaha vile amemwaga yale maji mabaya na kuweka chumvi. Yule mtu alishika kichwa. Akamwambia, Mzee, umemharibia msichana wa watu. Baba hakula siku hiyo."

Nikamwuliza kwa nini basi aliniacha nidanganye. Sahra akavuta shuka yake mabegani. "Alisema wewe una adabu, umemfichia aibu. Akasema utarudi, mtafanya tena, safari hii bila chumvi. Mutheu, alikuwa ananunua mbuzi wa kizunguzungu makusudi. Watu mnadani walikuwa wanamcheka, wanasema mzee amerukwa na akili. Anasema, huyu ni wa Mutheu. Anamweka, anamweka, mpaka mbuzi anakufa. Na mambo ya mbwa tuliambiwa baadaye sana, tumeshapoteza mbuzi wengi." Alisema hayo bila lawama, kama mtu anayesimulia habari za mvua, na heri angenitukana. Nilikaa pale nikihesabu zile Idd.

Akanishika mkono akaniinua, tukapita jikoni mpaka nyuma ya nyumba. Kulikuwa na ua mdogo wa miiba, na ndani yake mbuzi mmoja mweupe mwenye doa jeusi shingoni. Alikuwa ameinamisha kichwa kushoto, na ardhi chini yake imechorwa duara. Kwenye kigingi cha ua palining'inia msumeno wa kukatia chuma, mpini wake umefungwa kitambaa kipya. "Huyu alimnunua wiki mbili zilizopita, Baba mwenyewe akiwa mgonjwa tayari," Sahra akasema. "Akatukataza tusimguse mpaka uje."

Niliingia uani na nguo zangu za msiba. Nikapiga magoti, nikaweka kidole gumba nyuma ya pembe ya kushoto, nikakandamiza, na mfupa ukabonyea.

"Sahra," nikasema, "zile bongo hazikufika salama. Ziliharibika zote."

"Najua," akasema, akikunja shuka yake kiunoni. "Shika kichwa vizuri, mimi nashika miguu."